Kuokota uyoga wa porini Tabora: anza na aina mbili tu

Mvua zikishakolea, kando ya barabara ya Tabora kwenda Sikonge na Ipole unaanza kuwaona: mama na sado zake tatu za uyoga zimepangwa juu ya kanga, kijana kanyanyua uyoga mmoja mkubwa kama sinia anawapungia wenye mabasi. Abiria wananunua, gari linaondoka. Kila msimu kuna mtu ananiuliza, na mara nyingi ni mtu aliyehamia mjini kikazi: na mimi nikitaka kuingia porini kuokota mwenyewe, nianzie wapi?

Uanzie kwa kukubali jambo moja. Hakuna kipimo cha kujua uyoga unaolika kwa jumla. Mama yule wa barabarani hajui "uyoga". Anajua huu, na ule, na ule unaoota pale kwenye kichuguu cha nyuma ya shamba la fulani, kama anavyowajua watoto wa jirani kwa sura. Usioujua anaupita bila hata kuinama. Mwongozo huu nauandika kwa mtindo huohuo: aina mbili za kuanzia, zile za kukaa nazo mbali, na namna ya kutoka porini ukiwa mzima.

Wakati wenyewe

Ulaya na Marekani watu huingia msituni kuanzia Septemba hadi Novemba, majani yakigeuka rangi na kupukutika. Huku kwetu mambo ni kinyume. Septemba na Oktoba miombo ya Tabora nayo inakuwa myekundu, lakini ule wekundu ni wa majani machanga yanayotoka kabla hata tone la mvua halijaanguka. Ukiingia porini wakati huo utapata joto, vumbi na mbung'o. Uyoga hakuna.

Mvua zetu huanza Novemba, zikichelewa Desemba, na huisha Aprili. Alama ninayoiamini mimi ni kumbikumbi. Jioni ile wanapofurika kwenye taa na watoto wanakimbia na mabeseni ya maji, ujue ardhi imelowa vya kutosha, na vichuguu vinastahili kuanza kukaguliwa. Uyoga wa vichuguu hutangulia na mvua za mwanzo. Uyoga wa njano unaoota chini ya miti huja mvua zikishazoeleka, na Januari hadi Machi ndiyo raha yake. Siku nzuri ni ile ya pili au ya tatu baada ya mvua kubwa. Nenda alfajiri, kwa sababu wenzako wataenda alfajiri.

Tafuta mtu wa kufuatana naye

Hatua hii hairukwi. Nenda kijijini ulipo na mwenyeji, salimia, "mwangaluka", kaa, sema shida yako. Mwombe mama mmoja akuchukue siku anayokwenda mwenyewe. Usimpe pesa mkononi kama kibarua. Peleka sukari na sabuni, na siku ya kuokota mbebee tenga lake wakati wa kurudi. Atakachokionyesha mwenyewe kikagueni pamoja, na usimchoshe na maswali ya huu unaitwaje. Majina yana kasoro yake: jina ulilolisikia kijiji hiki unaweza kulikuta kijiji kingine limebandikwa kwenye uyoga tofauti kabisa. Muulize badala yake: unaota chini ya mti gani? Mwezi gani? Unafanana na upi mbaya? Hilo la mwisho ndilo swali lenye thamani, na wazoefu wote wana jibu lake.

Fuatana naye safari tatu au nne kabla ya kwenda peke yako. Najua ni nyingi. Mimi nilifuatana na bibi yangu misimu miwili, na bado nikafanya kosa nitakalolisimulia hapo mbele.

Ruhusa

Pori la Tabora lina wenyewe. Msitu wa kijiji, pita kwa mwenyekiti au kamati ya mazingira ya kijiji. Hifadhi za misitu za serikali ziko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na ofisi yao ya wilaya ndiyo itakayokuambia unaruhusiwa kuchukua nini na wapi. Maeneo ya jumuiya za wanyamapori kama Ipole, Uyumbu na Isawima yana taratibu zake na askari wake. Na kumbuka sehemu ya Ugalla ilipandishwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2019. Pale kuokota chochote ni kosa, hata kama babu yako aliokota palepale maisha yake yote.

Vya kubeba

Tenga au kikapu cha ukili, siyo mfuko wa plastiki. Ndani ya plastiki uyoga unatoa jasho, unapondeka, na ukifika nyumbani saa sita mchana umeshaanza kunuka. Kisu kidogo. Buti za mvua, maana nyasi zimepanda na kifutu hakimpishi mtu. Shati la mikono mirefu la rangi ya kaki au nyingine iliyopauka: bluu na nyeusi zinavuta mbung'o, ndiyo maana hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Ukiumwa na mbung'o ukanda wa Urambo, Kaliua au Ugalla, kisha ukashikwa na homa siku zinazofuata, mwambie daktari ulikotoka, kwa sababu malale yapo. Maji, filimbi, simu yenye chaji. Na gazeti kuukuu la kutenganisha aina moja na nyingine ndani ya tenga. Gazeti hilo lina kazi kubwa kuliko linavyoonekana.

Soma miti kabla ya kutazama chini

Mgeni anaingia porini akiwa ameinamisha kichwa. Mwenyeji anatazama juu kwanza. Uyoga wa njano na jamaa zake huishi kwa kushikana na mizizi ya miti ya jamii ya miombo: mtundu, myombo, muba. Nyuzi zake za chini ya udongo huuletea mti maji na virutubisho, na mti huulipa sukari. Ndiyo maana haujaweza kupandwa kwenye mabanda kama uyoga wa mjini unaoota kwenye mifuko ya pumba. Pia ndiyo maana mahali palipokatwa kuni za kukaushia tumbaku mpaka pakabaki visiki, usipoteze muda wako. Mti umeondoka, na uyoga umeondoka nao. Tafuta miti mikubwa iliyoachiana nafasi, majani makavu yameoza chini, udongo wa kichanga, na mteremko mdogo unaoshuka kuelekea mbugani, yaani bonde la nyasi. Ndani ya mbuga yenyewe, kwenye udongo mweusi unaosimamisha maji, usihangaike.

Aina ya kwanza: uyoga wa kichuguu

Huu ndio wa kuanza nao, kwa kuwa una kitambulisho ambacho mwingine hawezi kukiiga kirahisi. Mchwa wanaulima. Ndani ya kichuguu wana bustani zao, vitu kama sponji za kahawia walizozijenga kwa majani na vijiti walivyotafuna, na uyoga unaota humo. Mvua zikija, unasukuma shina kupanda juu mpaka utokeze nje.

Kwa hiyo unapouona kwenye kichuguu au karibu nacho, usiung'oe kwa pupa. Shika shina chini kabisa, fukua udongo kwa kidole, zungusha polepole huku unavuta. Uyoga wa kichuguu halisi una mkia: shina linaendelea chini ya ardhi, linazidi kuwa jembamba kama mzizi wa mhogo mchanga, wakati mwingine urefu wa mkono mzima, likielekea kwa mchwa. Ukikatika mkononi, chimba kidogo ujiridhishe. Tazama na kofia. Katikati pana chuchu, ncha ngumu yenye rangi iliyokolea kuliko sehemu nyingine, ambayo ndiyo iliyotumika kutoboa udongo. Kofia ni nyeupe, ya kijivu au ya hudhurungi. Geuza: chini kuna vipande vyembamba vimepangwa kama kurasa za kitabu, vyeupe, vikikomaa vinaelekea waridi. Mguu wa shina hauna mfuko wala kikombe.

Mkia, chuchu, kurasa zisizo za kijani, na hakuna kikombe. Vyote vinne vikipatikana, weka kwenye tenga. Kikikosekana kimoja, acha palepale, hata kama ni mkubwa kama mwavuli. (Jamaa yake mmoja wa miombo ya Zambia hufikisha kofia ya mita 1, hivyo yule kijana wa barabarani hajakuza mambo.) Wako pia wadogo, ukubwa wa kifungo cha shati, wanaoota mamia kwa mamia kama mchele uliomwagika. Watamu sana, lakini waachie mwaka wa pili, wanahitaji jicho lililozoea.

Kichuguu usikibomoe. Watu wanachimba wakidhani wataufikia uyoga mwingine chini, na wanachofanya ni kuua shamba. Kisipobomolewa, mwakani utarudi palepale.

Aina ya pili: uyoga wa njano

Chini ya mitundu, Januari, utaona madoadoa ya njano au rangi ya chungwa kwenye majani makavu, kama maganda ya machungwa aliyoyatupa mpita njia. Ni mdogo, wa kiganjani, kofia yake ikikua inakunjuka kama tarumbeta. Alama ya kushika iko chini ya kofia: badala ya kurasa zinazosimama peke yake na kuchambulika, una mikunjo minene, butu, inayoteremka kwenye shina na kugawanyika matawi kama mishipa ya mkono wa mzee. Jaribu kuchambua mkunjo mmoja kwa ukucha, utaona haubanduki peke yake, unatoka na nyama. Upasue katikati: nyama ndani haina tundu la mfuko, na haitoi maziwa. Unaota kwenye udongo. Kitu cha njano kinachoota kwa shada juu ya gogo linalooza, achana nacho.

Mtu akijua hizi mbili anaweza kula uyoga kuanzia Novemba mpaka Machi bila kugusa nyingine.

Za kukaa nazo mbali

Ya kwanza ni wowote wenye vitu hivi kwa pamoja: kikombe au mfuko shinani chini, pete kama sketi kwenye shina, na kurasa nyeupe. Wazoefu wa miombo wapo wanaokula baadhi ya uyoga wa ukoo huu, nao huuzwa barabarani. Lakini ndani ya ukoo huohuo wamo wanaoua. Kikombe kinakaa ndani ya udongo, na hapo ndipo watu wanapokwama, wanakata shina juu kwa kisu na kukiacha kikombe chini. Ndiyo maana kisu changu natumia kusafishia, siyo kuvunia. Uyoga unang'olewa mzima ili uuone mguu wake.

Ya pili ndiyo niliyokosea mimi. Ni mkubwa, mweupe, una magamba ya kahawia juu ya kofia, unaota kwenye nyasi, malishoni, karibu na mazizi ya ng'ombe. Niliukuta asubuhi nikiwa na haraka, mzuri mno, nikajiambia chini ya zizi lazima kuna mchwa. Sikuchimba. Nikauchanganya na wa kichuguu nilioupata mapema. Tulikula mchana, na kabla ya jioni nyumba nzima ilikuwa inapokezana choo. Tulitapika na kuharisha usiku kucha, tukapona. Uyoga ule ukikomaa kurasa zake huwa za kijani chafu. Ukiwa mchanga ni nyeupe kabisa, na mimi niliuchuma mchanga. Shina lake lina pete inayoteleza juu na chini, na halina mkia.

Tangu siku ile natumia kile kipimo cha karatasi, na nakushauri ukitumie kwa kila uyoga unaojifunza. Kata kofia, ilaze kifudifudi juu ya karatasi nyeupe, funika na bakuli, lala. Asubuhi unga wa mbegu zake utakuwa umechora kurasa zote kwenye karatasi. Wa kichuguu huacha waridi. Ule wa zizini huacha kijani. Ule wa ukoo wa kikombe huacha nyeupe, kwa hiyo laza nusu ya kofia juu ya karatasi nyeusi, la sivyo utadhani haukuacha kitu.

Vipimo vya kutupa

Kitunguu saumu kisichobadilika rangi sufuriani. Kijiko cha fedha. Uyoga ulioliwa na konokono au tumbili. Uyoga mweupe eti ndio salama. Kuchemsha na kumwaga maji. Vyote hivi vimesemwa mbele yangu na watu wazima wenye heshima zao, na hakuna hata kimoja cha kukitegemea. Konokono anakula uyoga ambao wewe utakuua. Ile sumu inayoharibu ini haiishi kwa kuchemsha, wala kwa kukausha, wala kwa limau.

Ubaya wake ni kwamba haina haraka. Uyoga unaokutapisha ndani ya saa mbili au tatu mara nyingi unakutesa na kukuachia. Wa kuogopa ni ule unaonyamaza saa 6 mpaka 24, ndipo tumbo linaanza. Kisha unajisikia nafuu siku nzima, watu wanasema amepona, na siku ya tatu au ya nne macho yanakuwa ya njano. Kwa hiyo mtu yeyote aliyekula uyoga akaumwa tumbo, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, hata akisema amepata nafuu, na wote waliokula naye waende. Bebeni mabaki ya uyoga, maganda yaliyotupwa, hata chakula kilichobaki. Maziwa na mafuta ya kula siyo dawa. Mimi kila nikipika naacha uyoga mmoja mbichi kwenye gazeti mpaka kesho yake. Nilikuambia gazeti lina kazi.

Kutopotea

Pori la miombo ni tambarare, na miti yake inafanana kama askari kwenye gwaride. Siku ya mawingu jua halikusaidii. Anayeokota hufuata uyoga mmoja kwenda mwingine, na baada ya nusu saa hajui alikotoka. Kabla ya kuingia, chagua mpaka mmoja mrefu: barabara, reli, ukingo wa mbuga. Jiambie kwa sauti, "barabara iko kushoto kwangu". Kila ukiokota uyoga kumi, simama, itafute hiyo barabara. Ukishapotea kaa, piga filimbi, sikiliza jogoo, lori au shoka. Siku moja nilitolewa porini na mrina asali aliyekuwa anakagua mizinga yake, akanicheka njia nzima, na kumbe nilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka barabarani. Mizinga ikiwa mtini karibu nawe, usipige kelele wala kuutikisa mti.

Usiokote kwenye kingo za mashamba ya tumbaku au pamba yanayopigwa dawa. Uyoga unanyonya.

Ukifika nyumbani

Kagua tena, mmoja mmoja, juu ya meza, mchana. Wenye funza, uliolainika au wenye shaka, tupa. Wa kichuguu haungoji: pika siku hiyohiyo. Wa njano unavumilia siku mbili tatu mahali pa baridi. Kula kidogo kama ni mara yako ya kwanza, aina moja tu kwenye sufuria, na watoto wadogo wangoje.

Mchanga wa Tabora unajificha kwenye ile mikunjo, hivyo osha kwenye beseni maji mengi mara tatu, ukiutoa uyoga juu ya maji badala ya kumwaga maji juu yake. Chana kwa mkono. Chemsha na chumvi mpaka maji yake yenyewe yakaribie kukauka, ndipo uweke mafuta kidogo, kitunguu, nyanya. Twanga karanga, koroga na maji ya vuguvugu, mimina, punguza moto, koroga usiache, mpaka mafuta ya karanga yaanze kuelea juu. Ugali wa moto. Nyama siku hiyo hakuna anayeiulizia.

Wa kukausha ni ule wa njano. Mkubwa uchane vipande viwili, tandaza juu ya mkeka au wavu uliouinua, palepale unapoanikia michembe, vile viazi vitamu vya kukausha. Kwa kuwa ni msimu wa mvua, lazima mtu akae nyumbani wa kukimbilia mkeka wingu likijikusanya. Jua likigoma siku mbili, anika juu ya jiko la kuni, mbali na mwali. Umekauka ukivunjika kwa mlio, kama kijiti. Tia kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana na uandike mwezi. Siku ya kuupika, uloweke maji ya moto nusu saa, uutoe kwa mkono, na maji yale ya kuloweka mimina kwenye sufuria taratibu, ukiacha kijiko cha mwisho chini. Hapo ndipo mchanga wote ulipo.